Saluni Isiyo na Kibao

Shangazi yangu ni msusi, na mtaa mzima unamwita Mama Kelele. Ugonjwa wa mlipuko ulipomfungia saluni, aliomba msaada wa serikali kwa biashara ndogo. Akaja afisa kuhakikisha kwamba saluni ipo kweli.

“Mbona haina kibao, mama?”

“Kibao cha nini, mwanangu? Wateja wangu wote wanaijua.”

“Mimi siwajui hao wateja. Bila ushahidi, msaada hupati.”

Shangazi akarudi nyuma hatua kadhaa, akashusha barakoa, akapaza sauti: “Nani anataka kusuka?”

Madirisha yakafunguka barabara nzima. Vichwa vya nywele timutimu vikachungulia.

“Mimi kwanza!”

“Wee! Mimi nimesubiri tangu mfunge!”

Afisa akaziba masikio huku akicheka. “Yatosha, mama! Msaada utaupata, ila usiwaite tena.”