Dada na Mashine ya Kufundisha Ubongo

Dada yangu alikuwa akifundisha darasa la kwanza Kibondo. Likizo moja alipanda basi kuja Kasulu kumwona mama, likatekwa porini. Dereva alipigwa risasi; dada alikuwa ameketi nyuma yake. Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Mlango ukijibamiza tu, alijitupa chini ya meza, wanafunzi wakimwangalia.

Dawa za hospitali zilimfanya mzito, akaziacha. Ndipo tukasikia kwamba zahanati moja ya binafsi Kasulu imepata mashine ya kufundisha ubongo. Nikampeleka. Daktari, kijana kutoka Mbeya, alimbandika kichwani vidude vyenye waya, akamketisha mbele ya skrini iliyoonyesha mto. Ubongo ukitulia, picha inang'aa, ukihangaika, inafifia.

"Usilazimishe, mwalimu," alimwambia. "Tazama tu. Ubongo utajifunza wenyewe."

Baada ya wiki chache dada akaanza kulala. Akawa anamaliza ugali wake, anacheka na majirani. Mimi nikamtangazia kila mtu kwamba mashine ile inaponya.

Kisha siku moja, akimvua dada waya, daktari aligundua kuwa mmoja umekatika ndani. Hakujua tangu lini.

"Lakini picha ilikuwa inang'aa," dada alisema.

"Nadhani ilifuata mitetemo ya umeme. Si ubongo wako."

"Sasa mimi nimepata nafuu kwa nini?"

Daktari aliuweka ule waya mezani. "Sijui, mwalimu. Hata ikiwa nzima, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaopata nafuu. Labda ni mashine. Labda ni kukaa mahali patulivu na mtu anayekujali, ukitegemea kupona. Siwezi kukudanganya."

Nilimkasirikia. Angenyamaza, angebadilisha waya, tukaenda zetu.

Waya ulibadilishwa kweli, na dada akarudi kwenye kile kiti. Lakini sasa aliitazama picha kama anayepimiwa maharage na muuzaji asiyemwamini. Usingizi ukapotea tena.

"Dada, wewe amini tu," nilimsihi.

"Ningejua kuamini kwa makusudi," alinijibu, "nisingehitaji waya."

Aliacha. Daktari mwenyewe alimtafutia mshauri, mama wa Kikongo anayefanya kazi na wakimbizi wenzake kambini Nyarugusu, ambaye humtaka asimulie safari ile ya basi, polepole, tangu mwanzo. Dada hurudi kutoka huko amechoka kama aliyelima kutwa, anakaa barazani hataki kuongeleshwa. Wiki nyingine anakuwa na nafuu, nyingine hana. Kibondo hajarudi, darasa lake amepewa mwalimu mwingine.

Mama hanielewi. Juzi, tukimenya mihogo, aliniuliza tena.

"Mwana wanje, mwanangu, kwenye mashine alikuwa analala. Kwa nini hamumrudishi?"

Nilimweleza habari za waya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini alikuwa analala," akasema.

Niliendelea kumenya.