Jina Nililoandika kwenye Daftari la Taulo

Mimi si mtu wa kuona mashetani. Kanisani kwetu nilikuwa nawacheka wale wanaoangushwa na mapepo kila Jumapili kwa zamu. Lakini hili nililiona kwa macho yangu mawili, saa nane mchana, taa zote zinawaka, sina homa wala usingizi. Ukitaka kubisha utabisha, ila nisikilize kwanza.

Natunza jim, ukumbi wa mazoezi, katika ghorofa moja refu hapa Dubai. Napangusa mashine, natoa taulo, naandika daftari. Hilo daftari ulikumbuke, maana ndilo lililoniponza. Kila anayechukua taulo lazima aandikwe jina na saa. Supavaiza wetu akikuta taulo imetoka bila jina, jengo zima litamsikia: "Yalla, sister! No name, no towel!" Sasa wapangaji wengine hawataki kuulizwa. Wanapita na vidude vyao masikioni, wananyakua taulo, basi. Kwa hiyo sisi wafanyakazi tunajaza wenyewe. Unaandika jina lolote linalokujia, la binamu yako au la mwalimu wako wa darasa la tatu, mradi mstari usibaki mtupu. Wote tunafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuona lolote baya kwa sababu yake.

Naishi International City, chumba kimoja watu sita, vitanda vya juu na chini. Mimi nililala chini na juu yangu alilala Nafula. Nafula ni wa kwetu Bungoma. Tulikuja siku moja, kwa ajenti mmoja, tumekaa viti vya kupakana kwenye ndege. Mimi ndiye niliyemfundisha maneno ya kusema kwenye intavyuu, nikamwazima hata blauzi. Akapata kazi ya yaya kwa madam Mwingereza. Mimi nikapata taulo.

Mwaka juzi, Agosti, madam akaenda kwao likizo na kumbeba Nafula. Tangu siku hiyo simu yangu haikupumzika. Picha, video, sauti.

"Aki dada, huku watu wanatembea tu! Hawaendi mahali. Tunaacha gari, tunatembea masaa matatu kando ya mto, halafu tunarudi palepale kwa gari! Na unakatiza katikati ya shamba la mtu, hakuna wa kukuuliza. Kuna mishale ya njano inakuonyesha pa kupita. Ukifika kwa ua kuna kangazi ka mbao, unaruka, unaendelea. Hadi kondoo wanakupisha!"

Hebu niambie, ungejisikiaje? Kwetu ukikatiza shamba la mtu utaeleza unatafuta nini, na ueleze haraka. Na mimi wakati huo nashuka basi Dubai, Agosti, natembea dakika kumi na moja mpaka kazini, nikifika shati limenata mgongoni na miguu inachemka ndani ya viatu. Halafu nafungua simu namwona Nafula kwenye bonde la kijani, mto umetulia, mawingu ya mvua, anakula matunda meusi ya miibani, mdomo wote umekuwa zambarau. Nilimwonea wivu. Sitaficha, nilimwonea wivu wa kukosa usingizi. Kila picha nilijibu neno moja tu, "Sawa." Nikajiambia anajionyesha, amesahau blauzi ni ya nani.

Sasa siku yenyewe. Jim ilikuwa tupu. Mashine zetu za kutembelea zina skrini, ukitembea unaonyeshwa njia, milima au pwani, upendavyo. Namba nne ilikuwa imekufa. Fundi alichomoa waya wake, akaubwaga sakafuni, akabandika karatasi ya kuzuia watu.

Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja wa makamo, mzungu, na koti refu la mvua. Koti linatiririka maji. Miguuni ana buti zimejaa tope mpaka kwenye kifundo. Niamini, Dubai mwezi wa nane tope utalitoa wapi? Lakini akili ya kazi ni kitu cha ajabu. Mimi niliwaza zulia tu, na supavaiza.

Akanyoosha mkono achukue taulo. Nikamuuliza, "Name please, madam?"

Akaitazama kalamu yangu. "Andika wewe," akasema.

Wakati uleule simu ikatetemeka mezani. Picha nyingine. Nafula, kile kitambaa chekundu nilichomnunulia sokoni Naif kiko kichwani, anacheka kando ya mto. Moyo wangu ukachacha. Nikachukua kalamu nikaandika: Nafula. Nikasema kimoyomoyo, si anapenda kutembea? Basi atembee na huku.

Yule mama akainama akalisoma jina, akalitamka vizuri kabisa, kama mtu wa nyumbani. "Asante," akasema. "Nitamkuta njiani."

Nilipokuja kukaa na kuwaza ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amesema Kiingereza hata neno moja. Alisema nami Kibukusu, lugha ya kwetu Bungoma, kile cha bibi yangu.

Akapanda namba nne. Nikafungua mdomo nimwambie imeharibika, na skrini ikawaka. Mkanda ukaanza kuzunguka. Waya bado uko chini, nauona, haujachomekwa popote! Kwenye skrini kukawa na bonde. Kuta fupi za mawe, kondoo, mto mwembamba umejikunja, na mawe makubwa ya kuvukia yamepangwa majini. Na mbele kule, kitambaa chekundu. Alikuwa Nafula, amemshika mtoto wa madam mkono. Madam mwenyewe alikuwa ameshavuka, anawangoja ng'ambo.

Nilipoangalia mkanda, hapakuwa na mtu. Ulizunguka wenyewe na nyayo za tope juu yake. Nilipoangalia skrini, nyuma ya Nafula, hatua kama ishirini hivi, lilikuwepo koti la mvua. Linatembea haraka kuliko yeye.

Kila mashine ina kamba nyekundu ya dharura. Ukiivuta inasimama papo hapo. Kila siku nawafundisha wapangaji wazee namna ya kuivuta, naweza kuifikia nimefumba macho. Nikaikamata.

Na hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe.

Nafula alimtanguliza mtoto juu ya mawe. Madam akampokea mtoto, halafu akamwita Nafula kwa mkono, wanacheka wote wawili kama ndugu. Nilikuwa nimeishika kamba. Nikauona ule mcheko, nikaona jinsi madam alivyomwangalia, na nikasema moyoni, acha ashtuke kidogo. Kidogo tu. Sikuivuta. Yule mama akafika kwenye jiwe la kwanza, Nafula yuko la tatu, nami nimesimama pale nikitazama. Nilipovuta, kitambaa chekundu kilikuwa tayari kimeingia majini.

Skrini ikazima. Nilipiga magoti nikapangusa tope kwa taulo tatu. Supavaiza akaingia akanikuta. "Who bring this mud?" akaniuliza. Akaligusa kwa kidole, akanusa, akaangalia nje kwenye jua lile, akaondoka bila kufoka. Kwa hiyo usiniambie niliota.

Jioni ikaja sauti ya Nafula kutoka hospitali. Alikuwa anaongea polepole. "Dada, nimeanguka mtoni. Nilikuwa navuka kwa mawe, mtu akanikanyaga kisigino kwa nyuma. Nikageuka, hakuna mtu. Wamesema ni nyonga, wataweka chuma. Niombee."

Nilimwombea. Niliomba usiku kucha, lakini wewe unajua niliombea nini. Niliomba asijue.

Alirudi kwa kiti cha magurudumu, baadaye magongo, sasa anachechemea na mguu mmoja umebaki mfupi. Kazi ya yaya iliisha hapohapo, nani atampa mtu wa hivyo mtoto anayekimbia? Siku aliyorudi chumbani, kabla hata hajapumzika, aliniomba nimfungulie sanduku. Ndani mlikuwa na boksi la viatu vya kutembelea, vipya, namba yangu.

"Nilinunua asubuhi ile, kabla hatujaenda mtoni," akasema. "Nilitaka iwe saprais. Madam ana mimba, mwaka kesho alitaka yaya wa pili wa kwenda naye. Nikamwambia niko na dada yangu Dubai, huyo ni wa kutembea kuniliko. Akakubali! Ndio maana nilikuwa nakutumia zile video zote, uzijue njia. Nikaona unajibu tu sawa, sawa, nikajua umechoka na kazi."

Nilitoka nikaenda chooni nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Nafula kililala kitanda cha chini. Sasa analala yeye hapo, maana hawezi kupanda, na mimi nimehamia juu. Kila akijigeuza nasikia anavyovuta pumzi kwa meno. Vile viatu viko chini ya kitanda, sijawahi kuvivaa. Lakini Agosti iliyopita nilivikuta vimelowa, soli zimeshika tope na vipande vya majani. Nafula aliviona kabla yangu. Alifurahi! Alisema, "Afadhali umeanza kuvitumia, dada."

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayefanya kazi ya daftari kama mimi. Mgeni asipotaja jina, acha mstari mtupu. Supavaiza atafoka, atachoka. Usimwandike mtu ambaye moyo wako umemkasirikia, hata kwa mzaha. Na anayekutumia picha za raha yake, muulize kwanza anakutumia kwa nini.

Siku hizi kila mchana saa nane nasimama karibu na mlango, kalamu mkononi. Yule mama akija tena nitaandika jina langu. Bado hajaja.