Anayeziamkia Meli

Mfuatiliaji meli wa ofisi yetu ya setilaiti, hapa Kilwa Masoko, kila asubuhi husoma kwanza mwaka ambao kila meli iliundwa. Ikiwa imemzidi umri, huigusa kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole chenye mafuta ya kitumbua na kuiambia, "Shikamoo." Zilizo ndogo kwake huzisubiri zimwamkie, na zisipomwamkia hununa hadi chai ya saa nne. Jana meli ya mwaka 1979, yenye mabaharia kumi na tisa, ilipotea kwenye kioo karibu na Songo Mnara. Alivua kofia, akaipigia simu mara thelathini. Hatimaye nahodha akapokea. "Shikamoo," mfuatiliaji wetu akasema. Nahodha akafoka kwa lugha tusiyoijua. Yule bwana akakaa, akafuta macho.

"Amesema marahaba," akatuambia.