Kumpeleka Kioko Mbooni

Mdogo wangu Kioko alifariki hospitalini Kitui, na mama yetu akataka azikwe nyumbani Mbooni, kando ya baba. Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa mvua kubwa. Mwajiri wangu aliniazima Landirova ya kazi.

Asubuhi tuliondoka mimi na Ndunge, mjane wake. Alikaa nyuma, mkono juu ya jeneza.

Kwa Vonza tulisimama kunywa chai. Mwenye hoteli akatuonya, "Mkishavuka Athi, barabara ya Mbooni imebebwa na maji. Pitieni njia ya msituni."

Baada ya Athi tuliingia msituni. Njia ilikuwa mawe na mizizi, na matawi yalikwaruza milango. Kila gari liliporuka, Ndunge alisema, "Polepole, shemeji. Usimuumize." Nikapunguza mwendo.

Mchana tulifika kwenye mwinuko mkali wa udongo mwekundu. Nilitia gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, lakini gari liliteleza nyuma kuelekea korongoni. Nikajaribu tena. Nililizuia hatua chache tu kutoka ukingoni.

Juu yetu, wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walikuwa wakichimba matuta ya shamba la mwenzao. Wakashuka.

"Mmebeba nini?" akauliza kiongozi wao, Mama Mbithe.

"Mume wangu," Ndunge akajibu.

Mama Mbithe akaweka jembe chini. "Gari ni zito. Tupeni sisi."

"Mama, kwetu jeneza hubebwa na wanaume," nikasema.

"Wanaume wako Nairobi na Mombasa. Utawangoja?"

Wakalitia mabegani, wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Ndunge aliingia katikati yao, naye akabeba. Niliwafuata na gari tupu, machozi yakinitoka. Huko juu wakalirudisha jeneza garini.

Jioni tulipita Kikima, tukafika nyumbani. Kesho yake tulimzika Kioko. Mama aliposikia habari za wanawake waliombeba mwanawe, aliniuliza majina yao. Nilijua moja tu.

Nilipokuwa nikirudi Kitui, nilikuta mawe yamepangwa mahali pale pa kuteleza, mistari miwili, upana wa gari.

"Tulijua utarudi," alisema Mama Mbithe.

Nikazima gari, nikaomba jembe, nikachimba nao mpaka walipopumzika. Nikawauliza majina, mmoja mmoja.

Tangu safari ile, nikisikia kuna msiba, siulizi kwanza ni wa nani. Naenda.