Piko Juu ya Kidonda

Kariakoo, ukiuliza nani anachora vizuri piko, ile hina nyeusi ya harusi, utaelekezwa kwa Ghada, ghorofa ya pili juu ya maduka ya vitambaa. Mkono wake hautetemeki na mdomo wake hauna breki. Hasira aliirithi kwa mama yake, Mauza, muuza vitenge wa duka la chini, na wote wawili hawakuionea haya.

Mauza alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na mbili, na vidonge alivimeza akikumbuka. Miguu ilishaingia ganzi, hata msumari ulipotoboa kandambili ukamzama kisiginoni, alizunguka nao dukani mchana kutwa bila habari. Alipouona aliuchomoa, akanunua kwa muuza dawa vidonge vinne vya rangi mbili, akaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wiki iliyofuata alimnyooshea Ghada miguu apakwe, kwa kuwa kesho yake Shahd, binti wa Nasreen, mdogo wake Mauza, alikuwa anaolewa. Ghada akakuta tundu linalotoa maji, na kisigino chote kimevimba. Akasema waende hospitali saa ile ile. Nasreen, aliyekuwa amekaa kitandani, akasema wakimlaza huko, harusi bila mama mkubwa wa bibi harusi itawapa watu la kusema. Mauza akakata shauri: hina hukausha vidonda, bibi yake alifanya hivyo maisha yake yote.

"Paka," alisema. "Funika mpaka kwenye kifundo."

Piko ya pakiti si hina ya bibi. Ina dawa inayochoma, na Ghada alikuwa akiwafukuza wateja wenye hata mchubuko mdogo tu. Alijua hayo yote. Akapaka, shingo upande, maua yaliyobanana mpaka kidonda kisionekane.

Mauza alicheza harusini. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka kwa homa, anaongea maneno yasiyoeleweka, na chumba kinanuka.

Hospitalini, Daktari Vitalis aliutazama ule mguu mweusi, kisha akamgeukia Ghada, aliyekwisha kumweleza habari ya piko.

"Umechora mpaka wapi?"

Ghada akaweka kidole kwenye kifundo. Juu ya kidole chake weusi uliendelea upana wa kiganja kizima, na huko hakukuwa na ua hata moja. Daktari akaeleza bila kuzungusha: bakteria wamepata sukari nyingi na damu isiyofika vizuri, wanapanda chini ya ngozi kila saa inayopita. Mguu ukatwe chini ya goti leo. Kesho huenda hata kuukata pajani kusitoshe.

Nasreen akaangua kilio, akampigia Humoud, kaka yake Ghada aliyeko Muscat. Humoud akaamuru mtu asimguse mama mpaka afike Jumamosi. Hapo damu ikamchemka Ghada. Akanyakua simu.

"Jumamosi utakuja kuzika," alimwambia, akakata.

Kisha akamgeukia mama yake mdogo, akampasha kwamba wageni wameshakula pilau yao na kwenda zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama mkubwa yuko wapi leo. Akamwomba daktari amuulize mgonjwa mwenyewe. Tangu asubuhi dripu na sindano zilikuwa zimemrudishia akili, lakini watu walikuwa wakibishana juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Mauza alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wamkate. Akaomba karatasi ya idhini, na kabla hajaipokea akamtazama binti yake.

"Wewe ulikiona kile kidonda."

"Nilikiona, mama."

"Na ulijua." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hasira ilikuwa ile ile. "Hujawahi kunisikiliza hata siku moja, Ghada. Kwa nini siku ile ulinitii?"

Ghada alikuwa na maneno kwa kila mtu, kwa Nasreen, kwa Humoud, kwa muuza dawa. Mama yake alimpa kalamu tu, akamshikia karatasi isicheze wakati anatia sahihi.