Mtihani Ambao Baba Aliushika Kabla Yangu

Mara ya kwanza nilianguka. Mtihani niliufanyia Kampala, katika chumba chenye kipoza hewa kikali, nikajibu maswali kwa karibu saa nne, na mwisho kompyuta ikaniandikia kwamba sikufaulu. Niliitazama ile sentensi mpaka msimamizi wa chumba akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana. Kesho yake nikapanda basi la kurudi Arua.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza Koboko, mji ulio kaskazini ya Arua, katika shirika la kuchimba visima. Nilianza kama fundi wa pampu za mkono, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa mafundi. Mkuu wetu, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa ameniita ofisini na kunieleza wazi. Nafasi ya mratibu wa miradi ilikuwa inafunguliwa. Kazi yenyewe niliijua. Lakini wafadhili walitaka mtu mwenye cheti cha usimamizi wa miradi, kile kinachotambulika nchi zote.

"Ukikipata, kiti ni chako," alisema. "Usipokipata, wataniletea mtu kutoka mbali, na wewe ndiye utakayemwonyesha kazi."

Kwa hiyo nilisoma. Katika chumba changu cha kupanga pale Koboko nilibandika karatasi kwenye kuta zote nne, hata juu ya kitanda. Kulikuwa na shughuli karibu hamsini za kukariri, zimegawanywa katika hatua tano na maeneo kumi, na kila moja ina mahali pake. Rafiki mmoja alinishauri nichukue herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza nitunge sentensi za kuchekesha. Nikatunga. Nilikuwa na sentensi ya mbuzi, ya askofu, ya harusi iliyonyeshewa mvua. Nilizijua zote kama jina langu. Siku ya mtihani mbuzi walikuja, askofu akaja, na mimi sikukumbuka walikuwa wamebeba nini.

Mkuu wetu aliposikia matokeo alisema tu kwamba watu wengi hurudia, na kwamba angeweza kuiacha ile nafasi wazi kwa miezi minne. Ada ya mara ya pili nilijilipia mwenyewe.

Kila Ijumaa jioni nilipanda pikipiki yangu nikashuka Arua, nikaenda kulala kwa Baba, kule Ayivu, kando ya njia ya Adumi. Baba alikuwa mwanajeshi alipokuwa kijana. Alipotoka jeshini akajifunza kutengeneza baiskeli, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake. Nyumbani kwetu tunasema Kilugbara, lakini mambo ya kazi Baba huyasema kwa Kiswahili, kile cha jeshi, kwa sababu ndicho alichofundishiwa kazi. Kiingereza hakijui. Kusoma anajua kidogo, namba na majina.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa karibu na karakana yake nikichambua maharage, huku nikijisemea orodha zangu. Baba alikuwa ameigeuza baiskeli ya mteja miguu juu. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Weye iko nasema na nani?"

"Nasoma, Baba. Ni ule mtihani."

"Hapana. Weye iko nalia. Mutu anasoma hivyo?"

Akaniambia nimsemee orodha yote tangu mwanzo. Nikasema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu anayekimbia asianguke. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu nisichotegemea.

"Kipande ya tatu inafanya kazi gani?"

Nikaanza kutaja maana iliyoandikwa kitabuni. Akanikata. "Siyo jina yake. Kazi yake."

 Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu kila siku nilifanya kazi hiyo Koboko, lakini sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja, lile neno na ile kazi.

Baba akafuta mikono. Akanisimulia jinsi alivyofika kambini akiwa hajui neno la Kiswahili. Wakapewa bunduki, na mwalimu akawa anakitoa kipande, anakiinua, anakitaja, anaonyesha kinavyofanya kazi, anakiweka juu ya gunia. Halafu wao. Kutoa, kutaja, kuonyesha, kuweka. Kisha kurudisha, kuanzia cha mwisho. Anayekosea anaanza upya. Baada ya majuma machache waliweza kufanya hivyo wakiwa wamefungwa kitambaa machoni, na Kiswahili kikawa kimeingia pamoja na bunduki. Hapohapo akavitaja vipande vyote, mkono wake ukienda hewani kutoka kimoja hadi kingine. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya arobaini.

"Sasa weye lete mtihani yako," akasema. "Hapa bunduki hakuna. Baiskeli iko."

Tulianza na yale maeneo kumi. Ilinibidi nimweleze kila moja kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipogundua nisiyoyajua. Mipaka ya kazi, yaani kilichomo na kisichomo, alisema ni rimu, kwa sababu spoku zote zinaishia hapo. Ratiba ikawa mnyororo. Tulibishana juu ya ubora. Mimi nilitaka iwe tairi, yeye akasema tairi unanunua dukani, basi hiyo iwe manunuzi. Ubora aliupeleka kwenye spoku, kwa sababu ukikaza moja sana na nyingine ukailegeza, gurudumu linapinda hata kama kila spoku ni nzima. Hatari ikawa breki. Mawasiliano ikawa kengele. Gharama ikawa mpira wa ndani, kwa vile unavuja bila kusikika. Watu na vifaa vikawa pedeli. Fremu ilishika kila kitu, kwa hiyo ikawa kuunganisha mambo yote. Wadau, wale ambao mradi unawagusa, aliwaweka kwenye keria.

"Hawa nakaa nyuma," alisema, "lakini wakianguka, safari imekwisha."

Kisha akafungua baiskeli kuukuu, akatandika gunia, akapanga vipande. Nikishika kipande, nilipaswa kutaja eneo lake, nizitaje shughuli zake zote kwa hatua zile tano: kuanza, kupanga, kutenda, kuchunga, kufunga. Halafu alikuwa na maswali mawili ambayo hakuchoka kuyauliza. Kisha nini? Na hiki kikikosa, nani wa kwanza ataumia?

Lile swali la pili lilinisumbua, kwa sababu kitabu hakikuuliza hivyo. Lakini nilipokuwa nikirudi Koboko Jumapili, nilijikuta njia nzima nalijibu, nikikumbuka visima halisi. Kimoja tulikichimba bila kuwauliza wanawake wanaochota maji. Kilikuwa safi, kina maji mengi, na hakuna aliyekwenda kwa sababu kilikuwa nyuma ya boma la watu waliogombana nao. Hakuna karatasi ukutani iliyowahi kunifundisha habari za wadau kama nilivyojifundisha siku ile nikikumbuka kisima kile.

Juma lililofuata nilikuja nimejiandaa. Nikakaa kwenye gunia, nikaanza bila kushika chochote, ili Baba aone. Nilipofika katikati akainua spana.

"Umeruka."

"Sijaruka, Baba."

"Umeruka. Kwenye breki, kupanga, iko tano. Weye nasema nne."

Nikafungua kitabu. Zilikuwa tano. Niliacha ile ya kupanga namna ya kuzikabili hatari. Nikamwangalia mzee wangu aliyekuwa hajakifungua kitabu kile hata mara moja.

"Umejuaje?"

"Weye ulisema wiki iliyopita. Mimi nilishika."

Juma zima alikuwa akikariri huku anafanya kazi. Mama mmoja wa Sudan Kusini, mfanyabiashara anayepeleka samaki wakavu sokoni kwa baiskeli, alinisimulia baadaye kwamba alimkuta akinong'ona juu ya gurudumu, akafikiri anasali, akasimama kimya kwa heshima mpaka amalize. Baba hakumsahihisha.

Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ile ilinifaa. Nilibandua karatasi zote za chumbani Koboko. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilivipanga vipande kichwani, nikavifungua na kuvifunga, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikiwa kazini nilijiuliza yale maswali mawili. Jioni nilifanya maswali ya mazoezi, na nilipokosea sikuandika jibu sahihi. Niliandika ni kipande gani nilichokiruka. Jumamosi Baba alinifunga macho kwa kanga ya marehemu mama na kunipa vipande bila mpangilio. Miezi mitatu ilipokwisha, tulikuwa tunapokezana: yeye moja, mimi moja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Mara hii niliamua kufanyia mtihani Arua, kwa mtandao. Kanisa letu lilinipa chumba kidogo cha ofisi chenye umeme wa jua. Masharti yalikuwa makali: chumba kitupu, mlango umefungwa, hakuna mtu wa kuingia, na mwangalizi wa mbali anakutazama kwa kamera muda wote. Baba alikuja na kiti chake akakaa nje ya mlango. Alikuwa amevaa koti.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Likaja moja refu: mradi umefika katikati, kiongozi wa mtaa anasema hakuambiwa juu ya mabadiliko, fundi tayari ameanza kazi, msimamizi afanye nini kwanza? Majibu yote manne yalikuwa mazuri. Mara ya kwanza, Kampala, maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyonimaliza. Sasa mdomo ukaanza wenyewe: keria, kuchunga, kisha nini.

Ujumbe ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Mwangalizi ananionya nisisogeze midomo, hairuhusiwi kusoma kwa sauti.

Nikafunga mdomo. Nikahamia kwenye vidole vya mikono, chini ya meza, kila kidole kipande chake. Ujumbe mwingine: mikono ionekane juu ya meza wakati wote, na hilo ni onyo la mwisho.

 Mbinu yangu yote ilikuwa mdomoni na mikononi, na vyote viwili vimefungwa. Muda ulikuwa unakwenda. Ndipo nikakumbuka kwamba vidole vya miguu navyo ni kumi.

Nikaanza na kidole kikubwa cha mguu wa kulia, ndani ya kiatu. Fremu. Kinachofuata, rimu. Vile vidogo havikutii vizuri, lakini kuvijaribu tu kulitosha. Kila nilipokaza mguu, kipande kilikuja na uzito wake, na shughuli zake nyuma yake kwa mpangilio. Kwanza nijue jambo hili limemgusa nani na kwa kiasi gani, kabla sijasimamisha kazi wala kumwandikia mtu barua. Nikachagua. Nikaendelea. Uso wangu ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri chai, huku miguu inatwanga.

Kulikuwa na mapumziko mafupi. Nilipofungua mlango, Baba alinipa maji. Nikaona kamati ya harusi imekaa kwenye nyasi upande wa pili wa uwanja, watu saba, na mafaili yao.

"Walitaka ofisi," Baba alisema. "Nimewaambia binti yangu iko vitani."

Nilimaliza nikiwa nimebakiwa na dakika kadhaa. Nikabonyeza. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kisha neno likaja, na mara hii lilikuwa lile jingine. Nimefaulu. Nililisoma kwa macho tu, midomo imefungwa, kwa sababu mwangalizi alikuwa bado ananitazama. Aliponiaga na kamera ikazimika, ndipo nilipolisema kwa sauti, mara nyingi, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza.

Nikafungua mlango. Baba alikuwa amesimama.

"Imepita?"

"Imepita, Baba."

Alinishika mabega akayakaza kwa nguvu. Kisha akauliza wapi nilikuwa dhaifu. Nikamwambia sijui bado, ripoti kamili ingekuja baadaye.

"Spoku," akasema, yaani ubora. "Utaona."

Tulirudi kwa miguu kupitia mjini, na haikuwa safari fupi, kwani Baba alisimama kwenye kila duka la vipuri alilolijua. Hakupaza sauti. Aliniweka mbele yake tu akasema, "Huyu binti yangu. Amepita mtihani ya dunia nzima." Wauza vipuri, wengine wamenijua tangu nikiwa mtoto, walitoka nje kunipa mkono. Mmoja, anayeleta bidhaa kutoka Vurra, akauliza mtihani wenyewe ni wa nini. Baba akamjibu kwa dakika kumi, hatua zote tano, bila kuruka kitu, na mimi nikasimama pembeni nikimsikiliza kama mtu aliyekuja kwenye mahafali ya mwingine.

Jumatatu nilimwekea mkuu wetu karatasi ya matokeo mezani. Akaisoma, akasimama, akanyoosha mkono. "Sasa tafuta fundi wa kushika nafasi yako," akasema, na ilipofika mchana kila mtu ofisini alikuwa anajua.

Mradi wangu wa kwanza nikiwa mratibu ulikuwa visima tisa, na vyote vinatoa maji. Lakini kinachonifurahisha zaidi kilianza miezi miwili baada ya mimi kufaulu, wenzangu watatu wa Koboko waliponiuliza nilisomaje. Nikawapeleka Ayivu. Baba aliwapanga kwenye gunia, akamrudisha mmoja nyumbani kwa kuchelewa, na yule akaja Jumamosi iliyofuata kabla ya wote. Mwaka huu, wa kwanza kati yao, kijana wa Yei, Sudan Kusini, aliyefika Koboko akiwa mkimbizi, amefaulu. Alimpigia Baba kabla ya kunipigia mimi. Nilikuwepo, nikamwona mzee anasikiliza, simu imebanwa begani, mikono yake imejaa grisi.

"Muzuri sana," akamwambia. "Sasa weye leta mutu mwingine."

Na huyo mwingine anakuja kesho.