Ndege ya Vita Iliyoundwa kwa Adabu

Baba yangu alistaafu serikalini akiwa mtu wa visima vya maji. Siku aliporudi nyumbani kwetu Hail, Omani, na saa ya ukutani aliyopewa zawadi, nilidhani atafanya kama wastaafu wengine: atagombana na mama jikoni, atamwagilia mipapai, ataangalia taarifa ya habari ile ile asubuhi, mchana na usiku. Badala yake akaanzisha jeshi la anga.

Jeshi lenyewe lilikuwa la nchi ambayo haikuwahi kuwa nalo. Sisi ni watu wa Unguja tuliorudi Omani, na kwenye mabaraza yetu hakuna anayekosa historia yake ya pembeni: lau babu asingeuza shamba, lau meli ingechelewa, lau fulani angesikilizwa. Nimekulia humo. Baba naye alikuwa na lau yake, ila yeye aliichukulia kihandisi. Katika historia yake, zama zile ndege za jeti zilipoanza kuruka duniani, kisiwa chetu kilikuwa na karakana nyuma ya mashamba ya mikarafuu, na karakana hiyo ikatoa ndege ya vita ya kiti kimoja iliyoitwa Kipanga. Sasa alitaka kuiunda upya, ndogo, ya urefu wa meza ya kulia, yenye injini ya jeti ya kweli, kisha airushe kwa mikono yake.

Ningefurahi pamoja naye, lau si macho yake. Daktari alikwisha kumwambia ana presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kuanzia pembeni kuja katikati, taratibu, bila kuuma. Kilicholiwa hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, na pengine kwa upasuaji, mradi mtu afike hospitali. Baba hakufika. Gazeti alilisoma bila taabu, kwa hiyo aliona daktari ametia chumvi. Lakini chai aliimimina kando ya kikombe, alijikwaa kwenye kiti kilichokaa pale pale tangu nizaliwe, na kioo cha ubavuni cha gari lake kilikuwa kimeshikizwa kwa gundi baada ya kugonga nguzo ambayo, kwa maelezo yake, haikuwapo jana.

"Kwanza iruke, mwanangu," aliniambia kila nilipomkumbusha. "Ikisha kuruka, nnakwenda."

Nikapiga hesabu zangu. Kumbe njia ya kwenda kwa daktari wa macho inapitia angani, basi na iruke upesi. Mimi kazi yangu ni kuchora mabomba ya maji machafu kwenye ofisi ya wahandisi, na kompyuta ya kuchorea ninayo. Nikakubali kuichora ndege. Hivyo ndivyo mtu wa majitaka alivyoingia katika historia ya urubani.

Baba alikuwa mkali wa ukweli kuliko watu wote ninaowajua, hasa kwa mambo ambayo hayakutokea. Nilipochora mabawa yaliyopinda kwenda nyuma, kama ya ndege za vita zote nilizowahi kuziona, aliniagiza niyanyooshe.

"Wakati ule hatukuwa bado na elimu hiyo," alisema.

"Baba, wakati ule hatukuwa na ndege."

"Ndege tulikuwa nayo. Elimu ya mabawa ndiyo hatukuwa nayo."

Alitaka hata kasoro. Ndege zote za zama zile, alisema, zilikuwa na aibu zao: nyingine zikiwaka moto, nyingine zikizimika juu kwa juu. Aibu ya Kipanga ilikuwa mguu wa mbele, mwepesi kuvunjika ikitua. Nikamwuliza nani alikuwa wa kwanza kuuvunja. Akanisimulia rubani huyo na kijiji alikotoka, na jinsi alivyoposa nyumba mbili akakataliwa kote kwa sababu ya ule mguu.

Mambo yangekwisha mapema kama tungekuwa peke yetu, yeye na mimi na marehemu rubani wake. Lakini Baba hakuweza kuunda kitu bila wenzake, na wenzake walikuwa wawili, ambao mimi nawaita ami kwa mitaa wanayokaa. Ami wa Sidab alikuwa mwalimu wa jiografia, mtoto wa Mjini Unguja hasa, aliyestaafu pamoja na sauti yake ya darasani. Ami wa Ghala alikuwa mtu wa bara; wazee wake walikaa Tabora, na yeye ana gereji na duka la vipuri kule Ghala. Huyu ndiye peke yake kati ya watatu aliyekwisha kurusha ndege za mfano, na kwa jinsi alivyo muungwana, hakulitaja jambo hilo ila akiulizwa.

Walikutana kwenye majlisi yetu, mchoro wangu katikati, kahawa huku, halua kule. Hapo ndipo nilipojifunza kwa nini baadhi ya nchi hazikuwahi kuwa na ndege za vita. Kwa watu wetu, mgeni akitoa rai ndani ya nyumba yako, huwezi kumwambia haifai. Unasema fikra njema, unamwongeza kahawa.

"Mkiani tutie nakshi," alisema ami wa Sidab. "Ile ya mlango wa nyumba yetu. Ya mti, msinipakie rangi mkaniambia nakshi."

Nilimwona Baba akimeza mate. Alijua vyema kuwa mti mkiani utaiangusha ndege kwa nyuma.

"Fikra njema, yakhe," alisema.

Wageni walipoondoka, akanituma nitafute vipande vya risasi, yale madini mazito, vya kutia puani mwa ndege ili mizani irudi.

Mkutano uliofuata, ami wa Ghala, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akasema ingefaa ncha za mabawa ziwe na matangi ya ziada ya mafuta.

"Bara ni mbali, ndugu zangu. Ndege ya ufalme ikifika Bagamoyo ikarudi, hiyo si ndege, hiyo ni mtumbwi. Lazima ifike Tabora."

"Na ifike," alisema Baba.

Matangi yalitaka mabawa mapana zaidi, mabawa yakataka miguu minene, miguu ikataka nakshi ndogo ili ifanane na mkia. Kila Ijumaa ndege iliongezeka uzito kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kukosa adabu. Siku moja nilishindwa. Nikawaambia kwamba ndege ya vita inaundwa kwa kukataa, mnakataa hiki, mnakataa kile, kinachobaki ndicho kinachoruka. Wakanisikiliza wote watatu kwa makini.

"Fikra njema," alisema ami wa Sidab, akaniongeza kahawa.

Nilipandwa na hasira mpaka nikatoka nje. Wao walikuwa wanacheza, na mimi kila wiki niliona ulimwengu wa Baba ukipungua upana. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mabomba nayajua. Nikinyoosha mkono kumpa kikombe kwa ubavuni, hakujua kama kuna mkono.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa rangi, na huo nilitaka kushinda. Niliomba ipakwe rangi ya machungwa, yote, tumbo na mgongo, ili ionekane mbali. Sikusema ionekane na nani. Baba alitaka kijivu cha samawati, kwa kuwa Kipanga ilikuwa ndege ya kulinda bahari, na adui asiione.

"Hakuna ndege ya vita ya rangi ya machungwa katika historia," alisema.

"Katika historia ipi, Baba?"

Akanitazama kwa huzuni, kama mtu aliyelea mtoto asiyejua kwao. Ami wa Sidab akapendekeza kijivu kwa heshima ya historia, na mstari mmoja mwembamba wa machungwa kwa heshima yangu. Baba akasema fikra njema. Ikapakwa rangi ya mbingu, na mstari ambao ungehitaji kioo cha kukuzia.

Asubuhi ya kuruka, mama aliifukiza udi ndani ya tundu la injini, akasoma alichosoma, akasema sasa mwondoeni huyu mdude sebuleni kwangu. Tukaipakia kwenye pikapu ya ami wa Ghala mpaka kwenye uwanda nje ya mji, mahali wapenzi wa ndege za mfano wanaporuhusiwa kurusha. Baba aliendesha gari letu nyuma ya pikapu. Mimi nilikaa pembeni yake nikitaja kila lori, kwa sauti ya mtu anayesifia malori.

Ami wa Ghala alikuwa na remoti mbili zilizofungamanishwa. Moja ya mwalimu, moja ya mwanafunzi. Mwalimu akibana kitufe, mwanafunzi ndiye anayerusha; akikiachia, ndege inarudi mikononi mwa mwalimu papo hapo. Akaiwasha injini. Inatumia mafuta ya taa, na mlio wake ni mwembamba wa kukwaruza meno. Baba akasimama kidete. Kisha akafanya walichofundishwa wote tangu utotoni mbele ya kila mlango.

"Tafadhal," alimwambia ami wa Sidab, akimpa remoti ya mwanafunzi. "Wewe ndiye mkubwa."

"Hasha! Ndege ni yako."

"Wallahi, hatangulii mtu ila wewe."

"Basi mwenzetu wa bara. Injini ni mkono wake."

"Mimi? Mbele yenu? Haiwezekani, wazee wangu."

Walisukumiana remoti huku injini ikilia. Baba aliapa, ami wa Sidab akaapa zaidi, ami wa Ghala akarudi nyuma hatua moja baada ya nyingine mpaka akakaribia kuikanyaga ndege. Hatimaye Baba akakubali kushindwa, akaipokea remoti kwa mikono miwili, na injini ikazimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Nadhani ndiyo ndege ya vita pekee duniani iliyoshindwa vita vya heshima.

Tukaijaza tena. Safari hii nilisema mimi: Baba anarusha, na atakayesema tafadhali namwacha jangwani.

Ami wa Ghala aliiondoa chini mwenyewe. Ilikimbia, ikakimbia, ule mti na zile risasi na ile safari ya Tabora vyote vikiivuta ardhini, na mwishoni kabisa mwa njia, ikanyanyuka. Nilipiga kelele. Sikutegemea, lakini nilipiga. Ikapanda kuelekea baharini, ikageuka, na ami akabana kile kitufe.

"Sasa ni yako, bwana," alisema.

Baba aliirusha. Ilitupitia mbele, imenyooka, na uso wake ulikuwa wa kijana ambaye sikuwahi kukutana naye. Kisha ikapinda kushoto, ikatoka ndani ya bomba lake. Niliona ilipomtoka. Ndege ilikuwa inaelekea milimani, naye uso wake umebaki pale pale, ukitazama mbingu tupu.

"Nnaiona," alisema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Nikamtazama ami wa Ghala. Alikuwa amekwisha kukiachia kitufe. Vidole vyake vilisogea taratibu kwenye vijiti, na ndege kule mbali ikanyooka, ikaanza kurudi. Ami wa Sidab naye aliona, kwa sababu alivuta pumzi, kisha akapaza ile sauti yake ya darasani.

"Maashallah! Tazama kona hiyo! Hiyo kona ya rubani aliyezaliwa nayo!"

"Mzee mkono wako mwepesi," alisema ami wa Ghala, jasho likimtiririka.

"Nnaiona," alisema Baba tena, akiwa amewapa mgongo wao na ndege.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, ya miezi mingi. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Nikasema, "Imependeza, Baba."

Ilipotua, mguu wa mbele ulivunjika. Baba akasikia mlio, akapasua kicheko.

"Si niliwaambieni? Ndiyo aibu yake hiyo hiyo!"

Baada ya kukumbatiana na kupongezana, tulirudi kwenye gari. Baba akapita upande wa abiria, akaketi, akafunga mkanda. Ufunguo alikuwa ameuweka kwenye kiti cha dereva. Nikawasha gari, tukaingia barabarani.

"Vijiti niliviachia kwenye ile kona," alisema. "Ikaendelea kuruka."

"Sasa mbona ukisema unaiona?"

"Mwenzangu alikuwa anataabika vile kunistiri. Ningemvunjia adabu?"

Muda wote ule niliidhani ile adabu yao ni uzito tu.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Alivaa kanzu mpya na kilemba, kama mtu aendaye kuposa. Mlango wa daktari ulipofunguliwa nikasogea kando, kama ipasavyo, mzazi atangulie. Alisimama. Nikajua itakuwa ni yale yale.

"Tafadhal," alisema. "Tangulia wewe."

Sikubishana. Nikapita mbele, naye akaniwekea mkono begani.

"Pana kizingiti hapa, Baba," nikamwambia.